Masta ya utawala wa umma: mambo ya kujua mtu wa Pwani kabla ya kujaza fomu

Kila bodi ya utumishi wa umma ya kaunti inapotangaza kazi, simu yangu haipumziki. Watu hunitumia tangazo lile lile kwenye WhatsApp, wengine wamelizungushia duara jekundu pale palipoandikwa kwamba shahada ya uzamili itampa mwombaji nafasi nzuri zaidi. Swali ni moja: hiyo masta ya utawala wa umma inapatikana vipi, ni ya muda gani, na je, inastahili pesa inayokula? Nimekuwa nikijibu mtu mmoja mmoja. Leo nayaweka yote hapa ili atakayeuliza tena nimtumie makala haya.

Nieleze mapema mimi niko wapi. Nina diploma. Niko katika miaka ya arubaini, nina watoto shuleni, na nimeianza njia hii kutoka chini: nasoma digrii jioni na wikendi, na masta iko mbele yangu inshallah. Kwa hivyo siandiki kama profesa. Naandika kama mtu aliyepanga foleni kwenye ofisi za usajili, akafungua vitabu vya sheria, na kupiga hesabu za karo usiku watoto wakishalala.

Elimu yenyewe ni ipi

Utawala wa umma ni elimu ya namna serikali inavyofanya kazi zake: inavyopanga, inavyoajiri, inavyokusanya na kutumia pesa, na inavyowajibika kwa wananchi. Wamarekani ndio walioifanya somo la chuo kikuu. Woodrow Wilson, kabla hajawa rais, aliandika makala yake mashuhuri kuhusu somo hili mwaka wa 1887, na mwaka wa 1924 Chuo Kikuu cha Syracuse kikafungua Maxwell School, ambayo mpaka leo inatajwa kila panapozungumzwa masta za aina hii.

Lakini jambo lenyewe si geni kwetu. Sayyidna Umar ndiye aliyeanzisha diwani, daftari la kuorodhesha waliostahili kupokea mafungu kutoka hazina. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka wa 1058, aliandika Al-Ahkam as-Sultaniyya akieleza kazi za waziri, kadhi, mkusanya kodi na msimamizi wa soko. Na hapa Pwani, kwenye ule ukanda wa maili kumi, Waingereza walitawala huku wakiwaacha maliwali, mamudiri na makadhi kwenye nafasi zao. Leo waliobaki ni makadhi, wanaolindwa na Kifungu cha 170 cha Katiba. Nayasema haya kwa sababu wapo wazee barazani wanaoona kwamba kijana akisoma utawala amesoma siasa. Siasa ni kitu kingine. Huyu anasoma jinsi ya kuendesha ofisi.

Darasani utakutana na nadharia za utawala, uundaji wa sera, fedha za umma, usimamizi wa watumishi, ununuzi wa umma, maadili, ugatuzi, na mbinu za utafiti pamoja na takwimu. Takwimu ndizo zinazowatoa watu jasho, hasa sisi tulioziacha hesabu pale tulipomaliza sekondari. Ukitaka kujiandaa, anzia hapo.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Tangu Katiba ya 2010, kazi nyingi zilizokuwa zikipangwa Nairobi zimekuja mikononi mwetu. Jedwali la Nne limezipa kaunti afya, maji, chekechea, masoko, barabara za kaunti, kilimo na uvuvi. Kaunti sita za Pwani, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, kila moja ina bodi yake ya kuajiri, maafisa wakuu wa idara, na wasimamizi hadi mashinani.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imeyaweka wazi. Kifungu cha 50 kinaunda nafasi ya msimamizi wa kaunti ndogo na kumtaka awe na sifa na maarifa ya utawala au usimamizi. Kifungu cha 51 kinamtaka msimamizi wa wadi awe na sifa za kitaaluma na ujuzi wa kiufundi katika utawala. Wote wawili huajiriwa na bodi kwa ushindani. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe imelitaja somo hili. Panda ngazi kidogo, kwa afisa mkuu au mkurugenzi, na matangazo mengi huongeza masta, ama kama sharti ama kama kitu cha kukuweka mbele ya wengine.

Sasa nitasema neno ambalo si kila mtu atalipenda. Hapa kwetu malalamiko kwamba nafasi zachukuliwa na wageni ni ya kila siku. Mengine yana haki yake. Nayajua mahojiano ambayo jina la atakayepata kazi lilikuwa likitajwa mitaani wiki moja kabla. Lakini kifungu cha 65 cha sheria hiyo hiyo kinasema angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazi ziende kwa watu wasiotoka kwenye jamii iliyo kubwa katika kaunti ile. Hiyo ni haki ya wenzetu. Zinazobaki zinagombaniwa kwa karatasi, na mtu akienda mahakamani kulalamika kwamba amenyimwa, cha kwanza kuulizwa ni vyeti. Asiye na vyeti hana hata pa kuanzia kesi.

Kuna sababu nyingine, na kwangu hii ni kubwa kuliko kazi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 ina kalenda: mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni za 2015 zinataka mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Wangapi kati yetu tunaokwenda kwenye vikao vya maoni ya umma tunaujua waraka gani uko mezani? Tunakaa kwenye hema, tunasomewa kurasa mbili kati ya mia mbili, tunakula mahamri, tunatia sahihi, tunarudi nyumbani. Mtu mmoja mtaani aliyesoma fedha za umma akisimama na kuuliza ile zahanati iliyokuwa kwenye mpango wa Septemba imepotelea wapi kwenye makadirio ya Aprili, kikao kinageuka. Nimeliona likitokea.

Ngazi kutoka diploma

Mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu umeipa diploma ngazi ya 6, digrii ya kwanza ngazi ya 7, masta ngazi ya 9 na udaktari ngazi ya 10. Hakuna kuruka kutoka 6 hadi 9. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu wapo wanaotangaza kwenye Facebook masta kwa wenye diploma na uzoefu wa kazi. Waulize kwa upole chuo hicho kimeidhinishwa na nani.

Aliye na diploma kutoka taasisi inayotambuliwa aingie kwanza digrii. Uzuri ni kwamba vyuo vingi huhamisha masomo: yale uliyoyasoma kwenye diploma hukubaliwa na huyarudii, hivyo digrii ya miaka minne hupungua, mara nyingi kufikia miaka miwili na nusu au mitatu. Omba barua ya maandishi inayotaja masomo yaliyokubaliwa kabla hujalipa hata shilingi. Ahadi ya mdomo ya karani wa usajili hupotea karani akihamishwa.

Kuingia masta, vyuo vingi hutaka digrii ya daraja la pili la juu, au daraja la pili la chini pamoja na uzoefu wa kazi, kwa kawaida miaka miwili. Kwa bahati nzuri, masta hii haichagui sana digrii uliyotoka nayo. Mwalimu, muuguzi, mhasibu na mwanasosholojia wote hukaa darasa moja, na wengine huongezewa masomo mawili matatu ya msingi.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya ndugu zetu waliosoma nje, kwani Pwani tuna wengi. Kijana amemaliza Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, au Sudan, au Misri, shahada yake ni ya Sharia na imeandikwa kwa Kiarabu. Anarudi, anaomba masta, anaambiwa cheti hakieleweki. Cheti chake ni halali. Kilichokosekana ni hatua moja: Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliyoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, hutambua na kulinganisha digrii za nje. Unapeleka cheti, matokeo ya kila somo, tafsiri rasmi ya Kiingereza, unalipa ada, unasubiri. Fanya hivyo mara tu unaporudi, usingoje tangazo la kazi litoke ndipo uanze kukimbia. Aliyesoma Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kile cha Mbale kilichofunguliwa mwaka wa 1988, hana tatizo la lugha, lakini utambuzi naye ataulizwa.

Na mwenye Sharia asijione mgeni katika somo hili. Aliyesoma hisba, baitulmali na usul ana kitu cha kusema kwenye darasa la maadili na fedha za umma kuliko wengi waliomo.

Wapi pa kusoma

Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara ya sayansi ya siasa na utawala wa umma, na masta ya utawala wa umma ni mojawapo ya programu zake za siku nyingi. Kenyatta wana masta ya sera za umma na utawala. Hivyo viwili ndivyo utakavyovisikia sana. Tanzania, Chuo Kikuu cha Mzumbe kule Morogoro kimekulia kwenye kazi hii. Mizizi yake ni shule ya watumishi wa serikali za mitaa iliyoanza mwaka wa 1953.

Hapa nyumbani miongoni mwa vyuo vikuu vyetu vya umma kuna Pwani, kule Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, vyote vilivyopata hati mwaka wa 2013. Cha Tudor ndicho kile wazee wanachokiita MIOME hadi leo, kilichojengwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora ili vijana wa Kiislamu wajifunze ufundi. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati 2023, husomesha kwa mtandao, na kwa mtu wa Faza au Hola hilo si jambo dogo. Msomaji wa Mombasa asisahau kwamba mwenzake wa Kizingitini lazima avuke bahari kwa boti hadi Mokowe kisha apande basi, ndipo afike kwenye darasa la Jumamosi asubuhi.

Kabla ya kujiandikisha popote, ingia kwenye tovuti ya CUE uangalie orodha mbili: ya vyuo vilivyoidhinishwa, na ya programu zilizoidhinishwa. Hizi ni orodha mbili tofauti. Chuo kinaweza kuwa halali na programu yake ikawa bado haijapita. Uliza pia kama kampasi ya Mombasa husomesha masta hiyo muhula huu huu, au husubiri wanafunzi watimie idadi fulani. Wapo waliolipa ada ya maombi wakakaa miezi wakisubiri darasa ambalo halikufunguliwa.

Uliza ratiba. Vipindi vya jioni huanza saa kumi na moja na nusu au saa kumi na mbili, yaani Magharibi inakukuta katikati ya somo. Mwezi wa Ramadhani inakuwa futari ndani ya begi. Wahadhiri wengi wa hapa huelewa wakiambiwa mwanzo wa muhula, na darasa husimama dakika kumi na tano. Ijumaa mchana ni lazima mkubaliane mapema. Kwa kina dada, suala la kutoka darasani saa mbili na nusu usiku na kutafuta matatu ya kwenda Kisauni au kuvuka feri kwenda Likoni si dogo, na familia nyingi zimewakatalia binti zao kwa sababu hiyo tu. Mimi naona ni afadhali kaka au mume achukue zamu ya kumpokea kuliko kumfungia nyumbani na akili yake.

Usichanganye masta na kozi za Chuo cha Serikali cha Kenya. Chuo hicho kina kampasi Mombasa na Matuga, zote karibu nasi, na kozi zake za usimamizi wa ngazi ya juu, ya wiki nne, na ya uongozi wa kimkakati, ya wiki sita, hutakiwa sana mtu akipandishwa cheo. Ni nzuri, na ni za bei nafuu kuliko masta. Lakini si digrii.

Pesa, na riba

Masta hula laki kadhaa za shilingi. Usiangalie karo peke yake. Kuna ada ya usajili kila mwaka, ya mtihani, ya maktaba, ya kusimamiwa utafiti, ya kutahiniwa tasnifu, na ya mahafali. Ukipitisha muda uliowekwa, unalipia kila mwaka wa ziada. Waombe chuo karatasi yenye ada zote kuanzia siku ya kwanza mpaka joho.

HELB hutoa mikopo, na mkopo wa digrii ya kwanza hutozwa asilimia 4 kwa mwaka. Kwa wengi wetu hilo ni riba, iwe nne iwe arubaini, na najua vijana walioacha chuo badala ya kuichukua. Siwezi kutoa fatwa. Waulizeni wanavyuoni mnaowaamini. Ninachoweza kusema ni njia ambazo watu wametumia bila kugusa mkopo. Kulipa kwa somo, si kwa muhula: unachukua masomo mawili badala ya manne, unachelewa mwaka mmoja lakini hulali na deni. Chama cha familia, kila mwenye kipato akitoa kiasi kidogo kila mwezi kwa mtu mmoja, kisha zamu inakwenda kwa mwingine. Mwajiri, ambaye akikulipia utatia sahihi ya kubaki kazini kwa muda fulani. Isome hiyo karatasi vizuri.

Kaunti zetu zina misaada ya masomo, na Kwale na mpango wake wa Elimu ni Sasa imesifiwa hadi nje ya Pwani. Ila misaada hii imeelekezwa zaidi kwa watoto wa sekondari na digrii ya kwanza. Mtu wa masta huachwa ajitegemee. Na kuna wakfu. Pwani tumejaliwa nyumba na viwanja vya wakfu tangu enzi za mababu, na sheria yake tunayo. Kwa nini haupo mfuko wa wakfu wa kuwasomesha vijana kumi kwa mwaka hadi masta ya utawala, ya uhasibu, ya mipango miji? Swali hili nimewahi kuliuliza msikitini, nikajibiwa kwamba paa lavuja. Sawa, paa litengenezwe. Lakini paa likishatengenezwa?

Ufadhili wa nje upo, na watu wetu hawaombi vya kutosha. Chevening hulipia masta ya mwaka mmoja Uingereza. Wanataka digrii ya kwanza, uzoefu wa kazi wa miaka miwili au saa 2,800, na ahadi ya kurudi nyumbani na kukaa miaka miwili. Uturuki wana ufadhili wao wa serikali, na dirisha lake hufunguliwa Januari, lakini kwa masta wanataka mwombaji awe chini ya miaka 30, kwa hivyo huo mimi nauandikia watoto wenu. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu imekuwa na ufadhili kwa jamii za Waislamu walio katika nchi zisizo wanachama wake, Kenya ikiwemo. Aliye tayari kwenye utumishi wa umma aangalie KOICA ya Korea Kusini na ule wa Wizara ya Biashara ya China. Hizi huwalenga watumishi wa serikali, na ombi hupitia kwa mwajiri. Ndiyo maana watu wa ofisi za kaunti wafaa waulizane barua hizo zikifika huishia meza ya nani.

Tasnifu, pale meli inapokwama

Masta nchini Kenya ni ya miaka miwili kwa uchache. Mwaka wa kwanza ni wa darasani na watu huumaliza. Mwaka wa pili ni wa utafiti, na hapo ndipo utakutana na mtu aliyeanza kabla ya korona na bado hajavaa joho.

Mtiririko ni huu. Unaandika pendekezo la utafiti, unalitetea mbele ya idara, unapata kibali cha maadili, kisha kibali cha NACOSTI, ambacho huombwa mtandaoni. Nacho mkononi unakwenda kuripoti kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti unayofanyia utafiti. Baada ya hapo unakusanya data, unaichambua, unaandika, unapimwa kama umenakili kazi ya mtu, unatetea tena. Kanuni za CUE za 2014 ziliongeza kwamba mwanafunzi wa masta awe amechapisha makala moja kwenye jarida la kitaaluma. Jihadhari hapo na majarida ya mtandaoni yanayochapisha chochote mradi umelipa. Idara nyingi siku hizi huyakataa.

Kinachowakwamisha wengi ni mada. Mtu wa Lamu anachagua mada ya kule bara kwa sababu mhadhiri ameitaja, kisha hana nauli ya kwenda kuhoji watu. Au anachagua mada inayomtaka aingie msitu wa Boni, mahali penye operesheni ya usalama tangu 2015, na kibali hakitoki. Chagua jambo lililo mlangoni kwako. Vikundi vya usimamizi wa fuo na mapato ya wavuvi. Maji ya kaunti na mashirika yake. Ushirikishwaji wa umma kwenye miradi mikubwa: mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hukumu ile peke yake ina tasnifu tano ndani yake. Ukiandika kuhusu watu wako, watakuhoji kwa Kiswahili, watakupa kahawa, na utamaliza.

Msimamizi wa tasnifu ni mtihani mwingine. Atakuwa na wanafunzi wengi na wewe uko mbali. Mwandikie barua pepe fupi, weka tarehe, baada ya wiki mbili mkumbushe kwa adabu, baada ya mwezi mwandikie mwenyekiti wa idara ukimpa nakala. Kunyamaza kwa heshima, kama tulivyolelewa, hakusaidii hapa.

Je, kila mtu aifuate?

Hapana. Kazi ya serikali hulipa kwa daraja la kazi. Masta peke yake haipandishi mshahara mpaka kuwe na nafasi nawe uipate. Aliye kwenye ofisi ya fedha atafaidika haraka zaidi na CPA kutoka KASNEB. Aliye kwenye ununuzi ahakikishe kwanza ana usajili wa chama cha taaluma yake. Anayesimamia watumishi vivyo hivyo. Masta ya utawala ni ya yule anayetaka kuongoza idara nzima, au kusimamia kaunti ndogo, au kukaa kwenye bodi, au kuandika na kuuliza maswali kama tunavyofanya sisi wengine.

Umri nao una hesabu yake. Utumishi wa umma hustaafisha kwa miaka 60, na 65 kwa wenye ulemavu. Mtu wa miaka 43 mwenye diploma akianza leo, digrii miaka mitatu, masta miwili au mitatu, atakuwa na 49. Inambakia miaka kumi na moja. Kwa hesabu yangu mimi, hiyo yatosha. Kwa mwenye 52 ningesema asome kwa kupenda elimu, si kwa kutafuta cheo, na karo isitoke kwenye fungu la watoto.

Na asithubutu mtu kununua cheti. Mwaka wa 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti vya watumishi ulifichua zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi. EACC huwapeleka watu mahakamani na kudai mishahara yote waliyolipwa irudishwe, ya miaka yote. Na kwa Muislamu, mshahara ule ulikuwa wa nini?

Majina

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo linalowatesa watu wetu kuliko wa kwingine. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha KCSE kinasema Muhammad, diploma ina Mohammed. Kitambulisho kina jina la babu, cheti hakina. Fatma kwenye cheti, Fatuma kwenye kitambulisho. Swaleh na Saleh. Athman na Othman. Bin likiwepo hapa na kukosekana pale. Nyumbani ni mtu mmoja na kila mtu anamjua. Kwenye mashine ya HELB, ya KRA, ya polisi wanaotoa cheti cha tabia njema, na ya bodi ya kaunti, ni watu watatu, na mmoja wao anadaiwa.

Chuo kitaandika jina lako kama lilivyo kwenye cheti cha KCSE, na masta itafuata digrii. Kwa hivyo kabla ya kujiandikisha, toa vyeti vyote vitandaze mezani, soma jina herufi kwa herufi pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Tofauti ikiwa ni ya herufi, hati ya kiapo kwa wakili mara nyingi hutosha. Ikiwa ni jina zima, utahitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa, na hiyo huchukua muda. Wenye watoto wanaosajiliwa kwa mitihani mwaka huu, nendeni shuleni mkaangalie orodha kabla haijatumwa KNEC. Baada ya cheti kuchapishwa, kulirekebisha jina ni safari ya Nairobi zaidi ya moja.